Wasikilizaji Wanaorudi

Mwezi Machi 2019 mtandao wa MySpace ulitangaza kwamba muziki uliopakiwa humo tangu 2003 hadi 2015 umepotea katika kazi ya kuhamisha seva. Zilitajwa nyimbo zaidi ya milioni 50 za wanamuziki wapatao milioni 14. Kijana anayeanza muziki leo huenda hajawahi hata kulisikia jina hilo, ila kwa miaka mitatu minne hivi, kuanzia 2005, mwanamuziki asiye na lebo alikuwa akiambiwa kila mahali kwamba njia ni hiyo: fungua ukurasa, pakia nyimbo, kusanya marafiki. Wengi walikusanya marafiki kwa maelfu. Kisha watu wakahamia Facebook, na walipohama hawakuwachukua wanamuziki wao. Kwa hiyo zile nyimbo zilizofutika zilikuwa hasara ya pili. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kutokea miaka kumi nyuma, pale mwenye marafiki elfu arobaini alipotaka kuwaambia ana albamu mpya, naye hajui jina la hata mmoja wao, wala namba yake, wala mji anaoishi.

Nimekaa miaka mingi karibu na wanamuziki wanaojitegemea, wa Dar es Salaam na Nairobi hasa, na niliyoyaona yamenifikisha kwenye hoja moja. Mwanamuziki asiye na lebo hawajengi wasikilizaji wake kwa kufukuzia idadi ya waliomtazama. Anawajenga kwa kumtoa mtu mmoja mmoja kwenye mtandao wa kampuni fulani hadi mahali ambapo yeye mwenyewe anaweza kumwita, naye akaitika. Instagram, TikTok na YouTube zina kazi kubwa hapa, sikatai: zinatambulisha. Lakini kutambulishana na kukaa pamoja ni kazi mbili, na nguvu, fedha na usingizi wa vijana wengi ninaowaheshimu vinaishia kwenye ile ya kwanza. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu nimewaona wenye vipaji vikubwa wakiacha muziki wakiamini kwamba watu hawakuupenda, ilhali walioupenda walikuwepo, ila hawakuwahi kuambiwa shoo iko wapi.

Mambo haya hayakuanza na intaneti. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zile zikasambaa pwani nzima, lakini alikwenda akiwa tayari ana watu wake Unguja waliomjua kwa kumsikia usiku baada ya usiku. Miongo kadhaa baadaye ilikuwa vilevile kwa bendi za dansi. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio ya taifa, stesheni binafsi zikaanza tu katikati ya miaka ya 1990, na bendi nyingi zilirekodi kwenye studio zake. Wimbo ukipigwa pale ulifika Kigoma na Mtwara siku hiyohiyo. Hata hivyo si redio iliyomweka mpigaji mjini. Kilichomweka ni dansi la mwisho wa juma, lenye kiingilio mlangoni na sura zilezile kila Jumamosi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964 na baadaye ikawa Msondo Ngoma, na Mlimani Park ya 1978 tuliyoizoea kwa jina la Sikinde, zilikuwa na wapenzi waliojulikana kwa majina, waliojua nani amehama bendi na wimbo gani bado unafanyiwa mazoezi. Wengi wao waliusikia wimbo ukumbini kabla haujafika redioni. Redio iliwaleta wageni, na ukumbi ukawafanya wenyeji.

Mombasa kulikuwa na mpango mwingine ambao nauona una mafunzo zaidi. Kanda za Juma Bhalo na waimbaji wengine wa taarab zilitokana kwa sehemu kubwa na harusi, zikauzwa kwenye maduka ya mjini kama Mbwana Radio Service, kisha zikasafiri na jamaa hadi Lamu, Unguja na Ghuba. Hapakuwa na lebo kubwa nyuma yake. Msikilizaji wa kwanza alikuwa mtu aliyealikwa, aliyeketi hatua chache kutoka kwa mwimbaji, na mara nyingi alijua wimbo umetungiwa nani na kisa chake, kwa sababu watu walikuwa wakiagiza nyimbo za kufikishiana ujumbe. Kanda ilipofika kwa mtu aliyeko Muscat haikufika ikiwa bidhaa isiyo na mwenyewe. Ilifika pamoja na maelezo: hii ni harusi ya fulani, hapa anajibiwa fulani. Mwimbaji hakuwajua wote walioisikia, ila baina yake na yule wa mwisho palikuwa na mnyororo wa watu wanaojuana, na kwa mnyororo huohuo mwaliko na fedha viliweza kurudi Mombasa. Nimeutafakari sana mnyororo huo kila ninapoona wimbo umetazamwa mara laki tatu na mwenye wimbo hajui aanzie wapi kuitisha hafla ya watu hamsini.

Miaka ya 2000 ilileta kinyume chake. Bongo Fleva ilipopata nguvu, kanda zilipita mikononi mwa wasambazaji wachache wa Kariakoo, na msanii alilipwa kwa makubaliano ambayo hakuwa na njia ya kuyahakiki: nakala ngapi zimetoka, zimekwenda mikoa gani, nani amenunua. Umaarufu ulikuwa wa kweli, wa nchi nzima, pengine mkubwa kuliko wowote uliokuwa umepata kuonekana kwa vijana wa umri ule. Kisha zikaja CD za kunakili, simu zenye memori kadi, nyimbo za kupakua bure, na biashara ya kanda ikaporomoka. Msambazaji alifunga stoo akaenda kuuza kitu kingine. Msanii alibaki na jina linalotajwa kila kona na hana orodha ya watu hata ishirini waliowahi kununua kazi yake, kwa kuwa mteja alikuwa wa msambazaji tangu mwanzo. Somo hilo tulilipata mapema, tukalisahau haraka.

Nasema tulilisahau kwa sababu majukwaa ya leo yamerudisha mpango uleule kwa sura nzuri zaidi. Boomplay ilianza 2015 ikiwa imewekwa ndani ya simu za Tecno. Mdundo ya Nairobi iliona mapema kwamba bando ni ghali na watu wanapenda kupakua, ikajenga biashara juu ya hilo, na 2020 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen. Spotify iliingia Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021. Yote haya yamemfungulia mwanamuziki milango ambayo zamani ilihitaji kujuana na watu, na anayeyabeza hajui hali ilikuwaje. Ila mwenye jukwaa ndiye anayepanga nani aone nini, na ndiye anayechora mstari. Mwaka 2018 YouTube ilianza kudai wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla chaneli haijagawiwa fedha za matangazo. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi na Spotify. Februari 2024 nyimbo za Universal Music ziliondolewa TikTok kwa ugomvi wa mkataba, zikarudi Mei. Wasanii wa kampuni ya muziki kubwa kuliko zote duniani walizimiwa sauti kwa miezi mitatu bila wao kuulizwa. Aliyeko Tandale atakata rufaa kwa nani?

Tuchukue hesabu ndogo. Watu 400, kila mmoja akitoa shilingi 5,000 za Tanzania kwa mwezi, ni shilingi milioni 2. Kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola, hizo ni kama dola 770. Spotify haina bei maalumu ya kila mara wimbo unaposikilizwa, ila makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni dola 3 hadi 5 kwa kila mara 1,000. Ili kupata fedha ileile, nyimbo za msanii huyo zingepaswa kusikilizwa kati ya mara 150,000 na 260,000 kila mwezi, na hapo fungu la msambazaji wa mtandaoni halijakatwa. Tena makadirio hayo yanachanganya dunia nzima. Fedha za majukwaa hutokana na ada za wateja na matangazo, na ada anayolipa mtu wa Dar es Salaam ni ndogo kuliko ya mtu wa Stockholm, kwa hiyo msikilizaji wa nyumbani humwingizia msanii pungufu ya hapo. YouTube nayo ndivyo ilivyo: mwenye tangazo hulipa zaidi ili aonwe na Mmarekani kuliko aonwe na mtu wa Morogoro. Sidai kwamba kuwapata watu 400 wa kutoa kila mwezi ni rahisi, na nitalirudia suala la fedha. Ninachosema ni kwamba mtu anayekujua kiasi cha kukutumia shilingi 5,000 ni sawa na mamia ya watu waliokupitia, na bado tunawahesabu wote kwa kipimo kimoja.

Pingamizi la kwanza ni la haki. Huwezi kumleta mtu kwako kama hajakuona, kwa hiyo idadi kubwa inatangulia, na mfano unaotolewa ni Diamond Platnumz, ambaye 2020 chaneli yake ya YouTube ilivuka kutazamwa mara bilioni moja. Mfano huo naukubali, ila nauomba usomwe wote. Kabla ya kufika bilioni hiyo, Diamond alikuwa ameshaanzisha televisheni yake, redio yake na tamasha lake mwenyewe. Mtu aliyekuwa na watazamaji wengi kuliko wote katika ukanda huu aliona hawatoshi, akajenga milango yake ya kuwafikia. Upande wa pili tuna gengetone ya Kenya. Ethic walitoa "Lamba Lolo" 2018, Sailors wakatoa "Wamlambez" 2019, na kwa muda vijana kutoka mitaa ya Nairobi, wakiwa na kamera ya kawaida na chaneli ya YouTube, waliipita redio. Ilikuwa furaha kubwa kuiona. Lakini kila wiki ilileta kundi jipya lenye mdundo ule ule, mtandao ukampa mtazamaji lililofuata, na ilipofika 2021 wimbi lilikuwa limeshuka. Vipaji havikuwa vimekwisha. Kilichokosekana ni sababu ya mtazamaji kurudi kwa kundi hili badala ya lile, na njia ya kundi kumwita akishapotea. Idadi inaweza kutangulia, basi itangulie, lakini siku wimbo unaposhika moto ndiyo siku ya kuwa na mahali pa kuwaleta watu. Ukianza kupatafuta baada ya hapo, wameshakwenda.

Singeli inanipa ushahidi wa namna nyingine. Muziki huu ulikulia uswahilini Dar es Salaam, kwenye vigodoro na sherehe za mtaani, ukasambaa kwa flashi na memori kadi. Mtayarishaji wake mmoja, Sisso, alikuwa na studio Mburahati, jijini humohumo. 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", na tangu hapo wasanii wa singeli wamepiga kwenye matamasha ya Ulaya mbele ya watu wasiojua neno la Kiswahili. Wengi husimulia habari hii wakianzia 2017, kana kwamba mtandao ndio uliowazaa. Mimi naona waliofika Ulaya walifika wakiwa wamepikwa na watu wa mtaa mmoja kwa miaka, watu waliosimama mita mbili kutoka kwenye spika na ambao wakichoka huondoka papo hapo. Kasi ile ya midundo 200 na zaidi kwa dakika isingebuniwa na mtu anayekisia nini kitapendwa na wageni mtandaoni. Walikuwa na wasikilizaji kabla ya kuwa na soko, na soko lilipokuja lilikuta kitu kimeshakamilika.

Nairobi nako kuna Muthoni Drummer Queen, ambaye 2008 alianzisha Blankets and Wine, hafla ya kila mwezi ambapo watu walikuja na mablanketi yao, wakaketi kwenye majani, wakasikiliza wasanii ambao redio haikuwa ikiwapa nafasi. Watu walizoea kuja hata kabla ya kujua nani atapiga. Hapo ndipo thamani yake ilipo: imani ilikuwa kwa aliyewaita. Mwanamuziki aliyeshindwa kupata jukwaa la kufaa muziki wake alitengeneza jukwaa, akawakaribisha wenzake, na hafla hiyo ikaishi kuliko mitandao kadhaa iliyokuwa ikivuma mwaka ule.

Njia zenyewe ni za kawaida mno, na labda ndiyo maana hazipewi heshima. Mlangoni pa kila shoo, hata ya watu thelathini, awepo mtu mwenye daftari au simu anayeuliza jina, namba na mtaa, kwa hiari ya anayeulizwa. Chini ya kila video uwepo mwaliko mmoja tu wa kujiandikisha, badala ya viungo kumi vya majukwaa kumi. Orodha ya matangazo ya WhatsApp ina kikomo cha watu 256, na ujumbe wake humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Wengi hulalamikia sharti hilo. Mimi nalipenda, maana linamtenganisha papo hapo aliyekuhifadhi na aliyekupitia. Kundi la WhatsApp linabeba watu 1,024, ila likikosa msimamizi linageuka uwanja wa matangazo ya mikopo. Chaneli za WhatsApp, zilizokuja 2023, zinafaa kutangaza, lakini mwenye chaneli haoni namba za wafuasi wake, kwa hiyo amerudi kulekule kwenye nyumba ya mtu. Ujumbe mfupi wa kawaida bado unamfikia mwenye kitochi ambaye hana bando. Barua pepe inaonekana ya kizamani Dar, ila kwa Mswahili aliyeko Minneapolis au London ndiyo inayosomwa. Orodha hiyo itunzwe mahali zaidi ya pamoja, na itunzwe kwa uaminifu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na hata kama zisingekuwepo, namba ya mtu ni amana. Msanii anayeitumia kupigia debe kampuni ya kamari ameivunja amana hiyo, na watu hawasemi, wanamfuta tu.

Sasa fedha. Nimeambiwa mara nyingi kwamba watu wetu hawana hela ya kulipia muziki, na kwamba hesabu ya Kevin Kelly, mwandishi wa Marekani aliyeandika 2008 kuwa msanii anaweza kuishi kwa wapenzi wa kweli 1,000 wakitoa dola 100 kila mmoja kwa mwaka, ni ya watu wengine. Kuhusu kiasi, ni kweli. Dola 100 ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa. Kuhusu tabia ya kulipa, nakataa kabisa. Anayesema hatulipii muziki hajakaa kwenye taarab. Pale mtu huinuka na noti mkononi, akacheza taratibu hadi mbele, akamtunza mwimbaji kwa sababu ubeti umemgusa, na ataenda tena ubeti wa pili. Kwenye bendi za dansi watu wamelipa kutajwa majina ndani ya wimbo, desturi ambayo Wakongo wanaiita mabanga na wameifanya tegemeo la uchumi wa muziki wao. Familia zisizo na ziada huchanga mamilioni ya harusi kwa kamati na kadi. Na tangu M-Pesa ianze Kenya 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kutuma shilingi 2,000 ni kazi ya sekunde chache. Kinachotushinda ni ada ya kila mwezi inayokatwa kimyakimya kwenda kwa kampuni isiyojulikana. Sisi hutoa kwa mtu, mbele ya watu, kwa tukio lenye siku yake. Msanii anayelielewa hilo ataomba mchango wa kurekodi wimbo mmoja unaojulikana, atatoa lipa namba, atasoma majina ya waliotoa, na atawaletea wimbo kabla ya wengine. Wala nyimbo kupatikana bure mtandaoni hakuzuii. Nipsey Hussle wa Los Angeles aliitoa "Crenshaw" bure 2013, na papo hapo akatoa nakala 1,000 za mkononi kwa dola 100 kila moja, zikanunuliwa zote. Walionunua hawakukosa nyimbo. Walitaka kuhesabiwa miongoni mwa waliomshika mkono.

Pingamizi linaloniumiza kichwa kuliko yote ni la usanii wenyewe. Ukiishi kwa kuwategemea watu 400 unaowajua, utaanza kuwatungia wao. Utaogopa kubadilika. Na saa unazotumia kujibu ujumbe ni saa ulizoiba kwenye ala. Hatari hiyo ipo, na nimeona waimbaji waliogeuka watumishi wa kundi lao la WhatsApp, wakiitisha kura kila wanapotaka kubadilisha mdundo. Lakini tuulize: huyu mwingine, anayetafuta umati wa mtandaoni, yuko huru kiasi gani? Anaanza wimbo na kiitikio kwa sababu sekunde za mwanzo ndizo zinazoamua. Anakata daraja la wimbo kwa sababu klipu ni fupi. Anatafuta kiki kabla ya kutoa wimbo, anazusha ugomvi au mapenzi yasiyokuwepo, na wengine hununua wafuasi wa uongo kisha wanashangaa ukumbi uko mtupu. Huyo anamtungia bwana asiyeonekana na anayebadilisha masharti bila taarifa. Watu unaowajua wanaweza kuambiwa: safari hii nimefanya kitu tofauti, nipeni dakika sita. Watakupa, kwa sababu umewahi kuwapa. Kuhusu muda, dawa ni uchache. Ujumbe mmoja kwa mwezi wenye habari ya kweli, maneno ya wimbo mpya, sababu ya kuchelewa, tarehe ya shoo, unafanya kazi kuliko picha kila siku. Anayeandika mara moja kwa mwezi amebakiwa na siku nyingi za kupiga muziki.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa kweli hawaliondoi, nalo ni gharama. Pomplamoose, wawili wa California waliopata mamilioni ya watazamaji YouTube, walizunguka Marekani kwa siku 28 mwaka 2014, kisha mmoja wao, Jack Conte, akaweka hesabu hadharani: mapato dola 135,983, matumizi dola 147,802. Kumbi zilikuwa na watu na bado walipata hasara ya dola 11,819, kwa sababu walikodi wapigaji, taa, hoteli na magari ya kiwango cha bendi kubwa kuliko walivyokuwa. Conte huyohuyo alikuwa ameshirikiana na mwenzake kuanzisha Patreon mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuwa mgeni katika habari za kuchangiwa na wasikilizaji. Wengi walimkosoa kwa kutumia ovyo. Nami nadhani hesabu yake ni zawadi kwa kila mwanamuziki mdogo, kwa kuwa inaonyesha kosa lilipo: bajeti ilipangwa kwa kufuata sura ya mafanikio, huku wasikilizaji waliopo wakitosha kitu kidogo zaidi. Kwetu kosa hilo huja kwa video ya mamilioni iliyokopewa kwa wimbo ambao bado haujapigwa mbele ya mtu yeyote.

Wadhamini wataendelea kuuliza idadi ya wafuasi, na msanii mwenye nyingi ataitwa kwenye tangazo la soda au la mtandao wa simu. Wanaoitwa ni wachache, mkataba ni wa miezi, na wala siwazuii wanaoweza kuupata. Mwenye ukumbi mdogo wa Sinza au Kilimani anauliza swali jingine: watakuja wangapi? Mwanamuziki mwenye orodha yake anaweza kumjibu. Anajua kwamba kati ya namba zake 400 zipo 220 za Dar es Salaam, 35 za Mwanza, 20 za Arusha, na nyingine zimetawanyika hadi Doha. Mwanza hatakwenda na bendi ya watu saba. Atakwenda kwa basi, yeye na gitaa lake, ataomba ua wa mgahawa Jumapili alasiri, atawaandikia wale 35 wiki tatu kabla na kuwaambia kila mmoja aje na mwenzake. Wakija 40 kwa kiingilio cha shilingi 10,000, nauli, malazi na ua vitalipika, kitabaki kidogo, na atarudi Dar na majina mapya ya Wanamwanza walioletwa na wenzao.